Kijerumani cha Jumamosi

Mwenyekiti wa kamati yetu ya urafiki alikaa Ujerumani siku kumi na mbili, akarudi na skafu ya sufu. Akaivaa Same. Anayeijua Same ataelewa ninachosema: mji ule umelala chini ya milima kama nguo iliyoanikwa, upepo wake ni wa vumbi, na saa nane mchana hata mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya umeme. Yeye alikatiza sokoni na sufu shingoni, akijifuta jasho kwa ncha yake. Ukimwamkia aliitikia marahaba, kisha akaongeza neno moja la Kijerumani kwa sauti nzito, "Ausgang." Tulidhani ni salamu. Miezi kadhaa baadaye nilipojifunza maana yake niliona aibu kwa niaba yake: ni neno linaloandikwa juu ya milango ya kutokea. Alilikuta katika kila jengo aliloingia huko, akafikiri ni baraka.

Huyo ndiye aliyeamua kwamba watu wa Same wajifunze Kijerumani.

Sina ugomvi na Kijerumani. Nakipenda, na nitaeleza kilivyonifikia. Ugomvi wangu ni na bango. Lilitundikwa mbele ya ukumbi mmoja karibu na soko, likisema kwamba kamati inakuza lugha ya Kijerumani na mabadilishano ya utamaduni kati yetu na mji mmoja mdogo wa Ujerumani. Chini yake palikuwa na picha ya Mwenyekiti, kubwa kuliko maandishi. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Historia katika sekondari moja pale mjini. Nilizaliwa juu, Suji, kwa wakulima wa tangawizi na maharage, na nilikuwa nimefika umri ule ambao mtu anaanza kuogopa kwamba safari yake ndefu kuliko zote itakuwa ile ya kwenda Dar es Salaam kufuatilia kupandishwa daraja. Nilisikia kwamba wanafunzi bora wa darasa hilo watapelekwa Ujerumani kwa wiki tatu. Nikajiandikisha siku hiyo hiyo. Niseme ukweli tangu mwanzo: sikwenda kwa ajili ya lugha.

Kamati haikuwa na mtu wa kufundisha. Mwenyekiti alitafuta, akakosa, mwishowe mtu mmoja akamkumbusha kwamba kuna mama mstaafu anauza ndizi na parachichi karibu na stendi, ambaye aliwahi kufanya kazi miaka mingi katika hospitali ya misheni huko milimani, chini ya wauguzi wa Kijerumani. Watu wote walimwita Sista, ingawa hakuwa mtawa na alikuwa na watoto wanne. Mwenyekiti alimchukua kwa shingo upande. Alimwambia mbele yetu, siku ya kwanza, "Mama, wewe shikilia tu darasa kwa muda, mpaka tupate mtaalamu."

Sista akamjibu, "Sawa, Mzee. Na wewe ukae, ujifunze."

Hakukaa. Hakuwahi kukaa hata siku moja.

Sista alikuwa mfupi, mwenye miguu iliyovimba, na alifundisha kama anavyofunga mtu bendeji, kwa haraka na bila kukuuliza kama inauma. Kijerumani chake kilitoka wodini. Kabla hatujajua kusema majina yetu, tulijua kusema vua shati, fungua mdomo, vuta pumzi, inauma wapi. Hatukuwa na kitabu. Tulikuwa na kurasa kadhaa za fotokopi ambazo mwanzo na mwisho wake havikuonekana, na ubao uliotobolewa na mchwa. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi watu kumi na wawili au zaidi tulikaa kwenye mabenchi: walimu wawili watatu, msichana mmoja aliyekuwa mhudumu wa afya katika zahanati, fundi simu, watoto wa kidato cha nne. Ukikosea, Sista alikurudisha mpaka mwanzo wa sentensi. "Tena," alisema. "Mgonjwa hajakuelewa. Tena."

Kufikia mwisho wa mwaka, niliota ndoto kwa Kijerumani. Nilikuwa naagiza watu wavue mashati, lakini ilikuwa Kijerumani.

Ndipo ikatangazwa kwamba wageni wanakuja. Mji mzima ukashikwa na homa. Mwenyekiti aliagiza ukuta wa ukumbi ubaki nusu bila rangi, kwa sababu wageni wanapenda kupaka rangi. Nilidhani anatania. Kumbe waliandika kwenye barua kabisa kwamba wangefurahi kufanya kazi ya mikono pamoja na wenyeji, kwa hiyo ukuta ambao mafundi wetu walikuwa wameanza kuupaka, ukasimamishwa katikati, ukawangoja watu sita wapande ndege mbili waje kuumalizia.

Kisha ikaja habari ya ngoma. Mwenyekiti alitaka utamaduni. Akaleta kijana kutoka Moshi atufundishe kucheza, na vitambaa vya madoadoa ya chui tujifunge kiunoni. Mimi nimekulia Upareni. Sijawahi kumwona Mpare aliyejifunga chui. Kwetu, sherehe ikifika, ni tarumbeta za kanisani na sufuria la makande, na wazee wakishiba wataimba nyimbo zenye sauti nne bila kuangalia kitabu. Nilimwambia hivyo.

"Mwalimu," akasema, "tarumbeta wanazo kwao. Hawawezi kusafiri mbali hivi kuja kuangalia tarumbeta."

Sista alikataa kitambaa. Aliketi kwenye benchi la nyuma na gauni lake jeupe la zamani la kazi, alilolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Mimi nilijifunga chui. Jina langu lilikuwa tayari kwenye orodha ya watu wanne watakaosafiri. Watatu wengine walikuwa binti wa Mwenyekiti, aliyesoma Dodoma na hajawahi kukanyaga darasani kwetu, shemeji wa Mwenyekiti, na katibu wa kamati. Mimi ndiye niliyewekwa ili orodha ipate mwanafunzi.

Wageni waliwasili asubuhi, wakiongozwa na mwalimu mstaafu wa kike, mrefu, mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya wazi. Tulicheza. Sitaki kuelezea tulivyocheza. Walipiga makofi kwa adabu, kama watu wanaomsifu mtoto aliyemwaga maji akijaribu kusaidia. Halafu yule mama akasimama kuzungumza. Siku zote Mwenyekiti aliwasiliana nao kwa Kiingereza, na alikuwa ameshika kipaza sauti tayari kutafsiri. Lakini yule mama alitabasamu akasema kwamba kwa kuwa hili ni darasa la Kijerumani, atasema Kijerumani, polepole, ili atuheshimu sisi wanafunzi.

Nilimwangalia Mwenyekiti. Hakutikisika. Skafu ilikuwa mahali pake.

Mama wa Kijerumani akasema anashukuru kwa mapokezi, na kwamba amekuja kujifunza, si kufundisha.

Mwenyekiti akatafsiri, "Anasema anaipongeza sana kamati kwa uongozi bora."

Makofi. Kwenye mabenchi yetu mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Yule mama akaendelea. Akasema kwamba mwaka uliopita watu wa mji wake walikusanya vitabu vya kujifunzia Kijerumani, maboksi matatu, wakavituma kwa ajili yetu. Je, vimetufaa? Angependa sana kuviona, aone tulivyoandika ndani yake.

"Anasema," Mwenyekiti akatangaza, "anaipenda sana milima yetu, na hali ya hewa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Tuligeukiana. Maboksi matatu. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumesoma kurasa za fotokopi zisizo na mwanzo. Msichana wa zahanati, aliyekaa karibu yangu, alininong'oneza kwa Chasu, Kipare chetu, akiuliza kama nimesikia alichosikia yeye. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Sista akasimama. Ilimchukua muda kwa sababu ya miguu. Akamwangalia mgeni moja kwa moja, na kwa sauti ile ile ya wodini akauliza, "Welche Bücher?" Vitabu gani?

Mgeni alimtazama Sista, kisha Mwenyekiti, kisha sisi. Mwenyekiti alicheka kidogo, akawageukia wageni kwa Kiingereza, akasema bibi huyu ni mzee, joto limemchanganya. Halafu akanigeukia mimi, kwa Kiswahili, kwenye kipaza sauti, "Mwalimu, wewe ndiye msomi hapa. Hebu tuambie, Sista amesema nini?"

Nilikuwa nimesikia kila neno. Nilikuwa na kitambaa cha chui kiunoni na jina kwenye orodha.

"Sikusikia vizuri, Mzee," nikasema.

Sista hakuniangalia. Aliketi, akaunyoosha upindo wa gauni lake. Mwenyekiti akaomba tuwakaribishe wageni chakula, na baada ya chakula wakaenda kupaka rangi ukuta.

Jumamosi iliyofuata tulikuta mlango wa ukumbi una kufuli jipya. Kamati ilituma ujumbe kwamba darasa limesimama mpaka apatikane mtaalamu. Mimi nilikuwa kwenye mambo ya pasi ya kusafiria, sikwenda kumwona Sista. Nilijiambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo tele.

Tukaenda Ujerumani, wanne. Nilipangiwa kulala kwa yule mama mrefu. Mji wao ulikuwa msafi na mtulivu kiasi cha kukufanya ujisikie umekosea kitu. Siku ya pili tulipelekwa shuleni kwao, na pale ukumbini tukakuta ngoma nne zimepangwa mbele ya viti, zinatusubiri. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua kupiga. Binti wa Mwenyekiti alirekodi video. Shemeji, ambaye kwao anauza vipuri vya pikipiki, alijitoa mhanga akazipiga hovyo hovyo, na walimu wa pale wakafumba macho kwa raha. Nikawaza, kumbe yule Mwenyekiti wetu hakuwa mjinga kabisa. Alikuwa amewasoma.

Watoto wakaruhusiwa kuuliza maswali. Mmoja aliuliza kama njiani kwenda shule tunakutana na wanyama wa porini. Nilitaka kumdharau, kisha nikakumbuka tembo wa hifadhi ya Mkomazi wanaoingia mashambani mpaka watu wanakesha wakipiga madebe, nikalazimika kusema ndiyo, mara nyingine. Msichana mwingine akauliza swali jingine: wanafunzi wangu husoma kwa lugha ya nyumbani kwao?

Nikajibu kwa Kijerumani, polepole, nikitafuta maneno. Nikasema hapana. Nikasema shuleni kwangu mtoto akisikika anaongea Chasu, anavishwa kibao shingoni, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake anayeongea lugha hiyo. Akauliza, "Nani anamvisha?"

"Mimi," nikasema.

Hilo halikuwa kwenye ratiba. Mwalimu wao akashukuru haraka, akaomba ngoma ipigwe tena.

Siku iliyofuata, tukinywa chai jikoni kwake, nilimwambia yule mama mrefu habari yote ya vitabu. Nilikuwa nimeipanga kichwani tangu kwenye ndege. Nikamwambia hatujawahi kuviona, kwamba Mwenyekiti alitafsiri uongo, kwamba Sista aliuliza swali la haki, na kwamba mimi nilisikia nikakana. Nilitegemea atashtuka. Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate.

"Nilielewa siku ile ile," akasema.

"Mbona hukusema kitu?"

"Tulikuwa wageni." Akaweka kisu chini. "Na ripoti ilikuwa imekwisha kuandikwa."

Akaenda akaileta. Ilikuwa na picha nzuri: Mwenyekiti na skafu yake katikati ya maboksi yaliyofunguliwa, amezungukwa na watoto wa shule ya msingi ya jirani, kila mmoja ameinua kitabu juu. Watoto ambao hawajui Kijerumani hata neno. Picha ilikuwa imetoka pia kwenye gazeti la mji wao. Alisema watu walifurahi sana kuiona, na kwamba kama ungezuka mzozo, mwaka ujao wasingetoa tena.

Nilimwangalia mama huyu aliyenilisha na kunitandikia kitanda, aliyesema amekuja kwetu kujifunza. Sikumchukia. Ila heshima niliyokuwa nayo kwake ilishuka ikalingana na ile niliyokuwa nayo kwa Mwenyekiti, na ile niliyokuwa nayo kwangu. Watu wawili walikuwa wamejenga daraja kati ya nchi mbili, kila mmoja akasimama upande wake akapiga picha, na hakuna aliyetaka mtu apite juu yake.

Nilirudi Same siku ya Alhamisi. Jumamosi nikaambiwa darasa halikufa: Sista analiendesha barazani kwake, nyuma ya stendi. Nikaenda. Waliketi kwenye mikeka na ndoo zilizogeuzwa, kama wanane hivi. Nikasimama kwenye ngazi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kaa. Umechelewa."

Sikukaa. Nikasema, "Sista, siku ile nilisikia vizuri."

"Najua," akasema. "Sema hivyo kwa Kijerumani."

Nilidhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa na chaki mkononi, na darasa zima lilikuwa limegeuka. Ikabidi niseme, mbele ya fundi simu, mbele ya msichana wa zahanati, mbele ya watoto wa kidato cha nne, kwamba nilisikia na nikasema uongo. Nikakosea kitenzi.

"Tena," akasema.

Nikasema tena. Nikakosea tena, kwa sababu nilikuwa nalia. Mara ya tatu nikapatia. Akaitikia kwa kichwa, akaandika sentensi yangu ubaoni kama mfano wa wakati uliopita, na watu wote wakainakili.

Tulipomaliza akaniuliza, "Sasa vitabu viko wapi?"

Hakuna aliyejua kwa hakika. Lakini Same si mji wa kuficha maboksi matatu. Jumatatu jioni baada ya vipindi, mimi na msichana wa zahanati tulikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Tulikuwa tumejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimekariri hata vifungu vya katiba ya kamati. Mwenyekiti hakuwapo, alikuwa kwenye semina Mwanga. Alitoka mkewe, mikono ina unga.

"Karibuni wanangu. Mzee hayupo."

"Mama, tumekuja kwa ajili ya vitabu vya Kijerumani," nikasema, sauti yangu kali kuliko nilivyokusudia.

"Hivi hapa?" Akatuonyesha kabati la vioo la sebuleni. Vilikuwa vimepangwa nyuma ya vikombe, mgongo nje, kwa mpangilio wa rangi. "Na vingine viko chini ya kitanda cha wageni. Mbona hamkuja siku zote? Vinanijazia nyumba, na mende wamezaliana humo. Kila siku namuuliza Mzee, hawa watu wa darasa hawavitaki?"

Muda wote ule wa hasira, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga hodi. Tulimwogopa mtu mwenye skafu. Mama wa watu akatuletea magunia, akatusaidia kufungasha, akatuitia bajaji ya kijana wa jirani. Vitabu vingi vilikuwa bado kwenye karatasi zake za nailoni.

Mwenyekiti aliporudi hakufoka. Ningependa kusema alifoka. Alitoa taarifa kwamba kamati imekabidhi vitabu rasmi kwa wanufaika, na Jumamosi akaja barazani na mpiga picha. Sista alikuwa anafundisha viungo vya mwili. Hakusimamisha somo. Alimwonyesha Mwenyekiti ndoo ya kukalia, akamwambia kwa Kijerumani afungue mdomo atoe ulimi. Sisi tukatoa ndimi. Mwenyekiti akatabasamu, akaangalia huku na huku kutafuta tafsiri, na hakuna aliyempa. Alikaa robo saa. Mpiga picha alipiga picha za watu wanaotoa ndimi, na sijapata kuziona kwenye ripoti yoyote.

Hayo yamepita miaka kadhaa. Msichana wa zahanati alifanya mtihani wa lugha Dar es Salaam, akaanguka, akarudia, akafaulu. Sasa anajifunza uuguzi Ujerumani, katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakupita kwenye kamati yoyote. Alijaza fomu zake mwenyewe, na mimi nilimsaidia kuandika barua. Hunitumia ujumbe wa sauti. Anasema kazi ni ngumu, na wazee wa huko wana watoto lakini hawatembelewi, na mmoja humshika mkono asiondoke. Wao huja kutupakia ukuta ambao mafundi wetu wangeumaliza kwa siku mbili. Sisi tunawapelekea binti wa kuwaogesha baba zao. Wanayaita mabadilishano. Mimi sina neno la Kiswahili la heshima kwa jambo hilo, nimelitafuta.

Kibao cha shingoni nilikitoa ofisini nikakichoma nyuma ya jiko la shule. Mkuu wa shule aliniuliza nidhamu itasimamiwaje. Nikamwambia sijui. Watoto wanaongea Chasu wakati wa mapumziko, na Kiswahili chao hakijaharibika kuliko kilivyokuwa.

Sista sasa anaishi kwa bintiye Msangeni, miguu imekataa kabisa, na darasa ni langu. Kamati ipo. Bango lile limebadilishwa. Sasa linatangaza Kichina, kwa picha ile ile. Mwezi uliopita waliniandikia barua wakiniomba niwe mratibu wa lugha zote za kigeni. Nilijibu kwa mistari miwili kwamba Jumamosi nina kazi. Kazi yenyewe ni watu saba barazani, mmoja wao mwanamume wa makamo anayeshuka kutoka Suji na gari la alfajiri, ambaye husinzia tukifika kwenye vitenzi. Simwamshi mpaka tumalize mfano wa kwanza.